Pumzi ya Wawili

Katika kazi zote ambazo mwili huzitenda bila kuomba ruhusa, kupumua ndiyo kazi tunayoishukuru kidogo kuliko nyingine. Mtu hushukuru chakula kwa kuwa aijua njaa, na hushukuru usingizi kwa kuwa aujua uchovu. Lakini pumzi huja na kwenda usiku na mchana, na mwenyewe hana habari nayo mpaka siku inapokuwa fupi. Mimi nilipata habari ya pumzi yangu katika mwaka wangu wa kwanza Ndabibi, nilipokuwa na mimba ya kwanza, na tangu hapo sijaacha kuiuliza maswali.

Nilizaliwa na kulelewa Mombasa, mahali ambapo mtu akishuka ngazi chache hukanyaga maji ya bahari. Ndabibi iko upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, kati ya ziwa hilo na miteremko ya Mau, na kaskazini yake umesimama mlima wa Eburru, wenye msitu na nyufa zitoazo mvuke. (Watu wa Eburru huutega mvuke huo kwa mabomba ukapoa ukawa maji ya kunywa. Mgeni akisimuliwa jambo hili hudhani ni hekaya, mpaka apewe kikombe.) Nyanda za Ndabibi ni za mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa, asubuhi zake ni za baridi kali, na kimo chake ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Wengi hudhani kuwa hewa ya juu ni hewa ya namna nyingine. Sivyo. Katika kila sehemu 100 za hewa, karibu 21 ni oksijeni, iwe Mombasa au Ndabibi. Kinachopungua ni mkandamizo. Fikiri magunia ya sufi yaliyopangwa moja juu ya jingine mpaka darini: lililo chini kabisa limebanwa na uzito wa yote, na konzi moja ya sufi yake ni nzito, lililo juu limefumuka, na konzi ile ile ni nyepesi. Sisi wa pwani tunaishi katika gunia la chini. Mtu wa Ndabibi avutapo pumzi hupata oksijeni karibu sehemu nne tu katika kila tano ambazo angezipata ufukweni kwa pumzi iliyo sawa na hiyo.

Mimba ilipofika mwezi wa tano nilianza kuhema. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu pana mwinuko ambao mtoto wa shule huupanda huku akiimba. Mimi nilisimama mara mbili, mkono kiunoni, nikijifanya natazama ziwa. Mama mkwe wangu hakudanganyika. "Pumzika, mwanangu," alisema, "mko wawili." Mama yangu mzazi alipozisikia pumzi zangu katika simu hakuwa na utulivu huo. "Teremka uje kwetu, mwanangu. Hewa ya huko haimtoshi mmoja, itawatosha vipi wawili?" Mume wangu, aliyekuwa katikati ya mama wawili, alinyamaza, kama ilivyo desturi ya wanaume wenye busara.

Shauri hilo halikuwa dogo. Kama mama alisema kweli, basi kila siku niliyokaa Ndabibi nilikuwa namnyima mtoto wangu haki yake. Kama hakusema kweli, ningeacha darasa langu katikati ya mwaka, nikae miezi minne mbali na mume wangu, kwa sababu ya hofu tupu. Nikaenda zahanati. Muuguzi alinihesabia pumzi kwa dakika nzima, akapima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, akanibana kidole kwa kibanio kidogo cha kupimia oksijeni, akanichoma kidole kingine apate tone la damu. Akaniuliza kama ninahema hata nikilala, kama nina kikohozi, kama kifua kinauma, kama miguu imevimba. Nilijibu hapana kwa yote. Alipomaliza alisema neno ambalo sikulitazamia: "Wewe hukosi hewa. Wewe unavuta hewa nyingi kuliko mumeo."

Nilidhani ananifariji tu. Lakini mimi ni mwalimu wa sayansi, na faraja isiyo na ushahidi hainikai moyoni. Basi nilitafuta vitabu nikasoma, na niliyoyasoma ndiyo haya.

Pumzi haiongozwi na mapafu. Mapafu ni kama mivukuto ya mhunzi. Aivutaye mivukuto ni ubongo, katika sehemu yake ya chini iliyo karibu na kisogo. Mhunzi huyo hupata habari kwa wajumbe. Mmoja hupima hewa ukaa, yaani hewa tunayoitoa, jinsi ilivyo katika damu: ikizidi, pumzi huongezwa. Mwingine hukaa shingoni, kila upande, penye njia panda ya mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Ni kinofu kidogo kama punje ya mchele, na kazi yake kubwa ni kuonja oksijeni. Ikipungua, hupiga mbiu. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi yake juu ya mjumbe huyo wa shingoni.

Sasa waingia hapa vichocheo vya kike. Homoni ni mfano wa barua zinazotumwa kwa njia ya damu. Ile iitwayo projesteroni hutoka katika ovari baada ya yai kupevuka, na mimba ikishika, kondo la nyuma huitengeneza kwa wingi mkubwa. Barua hii huuambia ubongo usiivumilie hewa ukaa nyingi kama ulivyozoea; tena humnoa mjumbe wa shingoni, awe mwepesi zaidi kupiga mbiu oksijeni ipungukapo. Homoni ya pili, estrojeni, humtangulia mwenzake kwa kuongeza milango ambayo projesteroni huingilia, na kwa hiyo zikiwa pamoja hutenda kazi kubwa kuliko projesteroni ikiwa peke yake. Wala hili si jambo la umbo la mwanamke tu: wanaume waliopewa projesteroni katika majaribio nao walipumua zaidi.

Kwa mwanamke asiye na mimba, badiliko hili huja katika nusu ya pili ya mwezi wake, kabla ya hedhi, nalo ni dogo asilitambue. Katika mimba ni kubwa. Hewa ipitayo mapafuni kwa dakika huongezeka kwa theluthi, hata ikakaribia nusu. Na hapa pana ajabu iliyonipendeza: hesabu ya pumzi haizidi sana, ila kina chake. Mjamzito hapumui mbio mbio, bali huchota ndoo kubwa zaidi kila mara. Hewa ukaa katika damu, ambayo kwa watu wengine huwa karibu milimita 40 za zebaki, kwake hushuka hadi karibu 30. Kushuka huko humfaa mtoto, maana hewa ukaa yake hutiririka kwa mama kama maji yatelemkavyo bondeni. Na nafasi iliyoachwa mapafuni na hewa ukaa hushikwa na oksijeni. Nafasi hiyo ambayo pwani ni kama akiba isiyohitajiwa sana, huku juu ina thamani.

Basi kwa nini mtu mwenye hewa ya ziada aone kiu ya hewa? Kwa sababu kiu hiyo ndiyo amri yenyewe. Ubongo ulioambiwa uvute zaidi humfanya mwenyewe ahisi haja ya kuvuta zaidi. Zaidi ya nusu ya wajawazito wenye afya huhisi hivyo, hata wale waishio ufukweni. Mama yangu bila shaka alihema aliponibeba mimi, ila pale Mombasa hapakuwa na mlima wa kulaumiwa.

Katika kusoma huko nilikutana na mtu ambaye ningependa kila msichana wa sekondari amjue, naye ni Mabel FitzGerald, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1872. Alisoma Oxford wakati chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada. Mwaka 1905, pamoja na John Haldane, alitangaza vipimo vilivyoonyesha kuwa hewa ukaa mapafuni mwa wanawake ni ndogo kuliko ya wanaume. Yaani wanawake hupumua zaidi kwa kadiri ya mahitaji yao. Mwaka 1911 Haldane na wanaume wenzake watatu walipiga kambi juu ya Pikes Peak, Marekani, penye mita 4,300. Yeye hakukaa kileleni pamoja nao. Alizunguka na vyombo vyake katika miji ya wachimba madini ya Colorado, akawapima pumzi watu waliokuwa wakiishi huko, na vipimo vyake, alivyovitangaza mwaka 1913, vilidumu kutumiwa miaka mingi. Oxford ilimpa shahada ya heshima mwaka 1972, alipotimiza miaka mia moja. Alifariki mwaka uliofuata. Mimi huona kwamba walichelewa.

Colorado hiyo hiyo ndiyo iliyotoa jibu la swali la mama yangu. Katika mji wa Leadville, wenye kimo cha karibu mita 3,100, Lorna Moore na wenzake waliwachunguza wajawazito katika miaka ya 1980, wakaona kwamba wale ambao pumzi zao ziliongezeka zaidi ndio waliozaa watoto wazito zaidi. Ni kweli kwamba kimo humpunguza mtoto uzito: kwa wastani karibu gramu 100 kwa kila mita 1,000. Lakini pumzi ya mama ni mojawapo ya silaha za kupambana na upungufu huo. Nisimdanganye msomaji: Ndabibi si Leadville. Kwa mita 2,000, damu ya mtu mwenye afya hukosa oksijeni kidogo tu, na kidogo hicho mimba husaidia kukirudisha. Nilimweleza mama haya kwa simu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema atakuja mwenyewe anione. Akaja. Siku mbili za kwanza ni yeye aliyehema.

Nilikaa Ndabibi, na mwanangu alizaliwa akiwa na kilo tatu na nusu robo.

Lakini maarifa haya yana makali pande zote mbili. Mwaka uliofuata jirani yetu, mwenye mimba ya nne, alianza kuhema kama mimi. Mahali alipokwenda kutibiwa aliambiwa, bila kupimwa, kuwa ni mimba tu, arudi nyumbani. Alirudi. Mama mkwe wangu ndiye aliyemvuta kope ya chini akaona weupe wake, tukampeleka kwingine siku ile ile. Damu yake ilikuwa pungufu kiasi cha kuongezewa. Projesteroni yaweza kujaza mapafu hewa, lakini haiwezi kuipakia oksijeni mahali ambapo hakuna chombo cha kuibeba, na katika damu chombo hicho ni himoglobini. Yule muuguzi wangu alisema "hukosi hewa" baada ya kuhesabu, kupima na kuchoma kidole. Maneno yake na ya yule wa pili yanakaribia kufanana. Aliyemsikiliza wa pili alikuwa karibu kufa.

Yabaki habari ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ambao vichocheo hivi vimepungua miilini mwao. Katika mji wa Cerro de Pasco, Peru, penye mita 4,300, kuna ugonjwa wa damu kuwa nzito kupita kiasi, unaowapata wakazi ambao pumzi zao zimelegea. Kwa jina la daktari aliyeueleza katika miaka ya 1920, Carlos Monge, huitwa ugonjwa wa Monge. Wanawake vijana huupata kwa nadra kuliko wanaume. Baada ya hedhi kukoma, kinga hiyo hupungua. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa namna hiyo wa Leadville walipewa na madaktari dawa ya jamii ya projesteroni, nao wakapumua vizuri zaidi na damu yao ikapungua uzito. Dawa hiyo, kwa namna nyingine na kwa kipimo kingine, ndiyo sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi inayotolewa katika zahanati zetu.

Nilimsimulia mama mkwe habari hizi asubuhi moja tulipokuwa tukipanda kwenda Eburru. Ameuvuka umri huo zamani, nami nilitaka ajitunze. Aliuliza mji huo wa Peru uko juu kiasi gani. Nilipomwambia, alisimama akafikiri, akautazama mlima uliokuwa mbele yetu. "Basi hapa ni chini," alisema, akakaza mkanda wa kiondo chake kichwani, akatangulia.