Sekunde Arubaini na Tatu

Deki la bibi lilikaa juu ya kabati miaka 15, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa saa mbovu. Mgeni angedhani ni sanduku la vyombo vya wageni. Mimi nililijua, kwa sababu nilipokuwa mdogo nililiona likifanya kazi. Ukitia kanda linaivuta lenyewe kwa sauti kama ya mtu anayemeza tonge kubwa, TV inajaa chenga, halafu ghafla watu wanatokea.

Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Disemba 2009. Mwezi huo umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010. Nilikuwa na miaka minane. Sisi wa Mkokotoni tulirudi kwenye kandili kama vile umeme ulikuwa mgeni aliyeaga. Uliporudi, uliwaka, ukazima, ukawaka tena kwa nguvu, glopu mbili zikapasuka, na deki ambalo hakuna aliyekumbuka kulichomoa likafa pale pale. Ukafika wakati wa sidii, kisha flashi, kisha simu, na hakuna aliyelishughulikia tena.

Ila bibi. Yeye alikuwa na kanda yake moja.

Ndugu msomaji, kama umezaliwa juzi kama mimi, jua kwamba zamani kanda ya video ilikuwa pia barua. Jamaa zetu walioko Oman simu ilikuwa ghali kwao na kwetu hapakuwa na simu. Basi mtu alikodi kamera, akakaa na wanawe kwenye zulia, akasalimia kijiji kizima mmoja mmoja, na kanda akapewa msafiri aje nayo. Kaka yake bibi alituma yake kutoka Maskati mwaka 1994. Bahati nzuri Oman na sisi tulitumia mtindo mmoja wa picha, PAL. Jirani yetu aliletewa kanda kutoka Marekani, ambako mtindo ni NTSC, na deki lao halikuujua: watu walionekana wakipanda juu ya TV kama ngazi, tena bila rangi.

Kaka yake bibi alifariki huko huko mwaka 2003 bila kurudi. Na hapo ndipo kanda ilipoanza kuwa na uzito, kwa sababu kuna kiambo cha minazi, upande wa pwani, walichoachiwa wao wawili na wazee wao. Hakina karatasi yoyote ya mgawanyo. Ami yangu anataka kiuzwe, na ukiangalia bei za pwani ya kaskazini siku hizi huwezi kumshangaa. Anasema yule mzee alishawaachia sehemu yake kwa mdomo. Bibi anasema hapana. Anasema kakaake alisema kwenye kanda, kwa ulimi wake: niwekee sehemu yangu mpaka watoto wangu waje.

"Mama anachanganya," ami alisema. "Kanda ile ni salamu tu."

"Itieni kanda," bibi akajibu.

Hapo wote tukalitazama kabati.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na naandika riwaya ambayo imefika ukurasa wa 60 na haitaki kwenda mbele. Nikajitolea. Sitaficha kwamba nilitaka pia kuwa yule msichana wa hadithi anayetatua jambo lililowashinda wakubwa.

Sasa nitasema nilivyofanya, kila kosa kwa jina lake, maana huenda na nyumbani kwenu liko moja juu ya kabati.

Nilifungua kifuniko. Fyuzi ilikuwa imekatika, na badala ya kujiuliza kwa nini, niliizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama nilivyoona watu wakifanya. Nikaona vitu vinavyozunguka ni vikavu, nikavitia mafuta ya cherehani. Nikachomeka. Taa zikawaka! Nikapiga kelele ya furaha, na kwa furaha ile ile nikachukua kanda ya bibi, ya pekee duniani, nikaitia.

Ilimezwa vizuri. Picha ikaja: zulia jekundu, mtu wa kilemba. Halafu deki likaanza kula. Fundi alinieleza baadaye linakulaje. Mikono miwili midogo huutoa mkanda ndani ya kasha na kuuzungusha kwenye dramu. Kijiti cha chuma na gurudumu dogo la mpira huuvuta, na upande wa pili gurudumu la kukunjia linatakiwa liupokee. Lile la kupokea huzungushwa na mpira, na mpira uliokaa miaka 15 umelegea, tena mimi nimeupaka mafuta. Basi mkanda unavutwa na haupokelewi, unajazana ndani kama uzi wa mishipi ya Tumbatu.

Nilichomoa umeme na papo hapo nikaingiza mkono kuuokoa. Niligusa nini sijui. Nilijikuta nimekaa chini, mkono umekufa ganzi mpaka begani, bangili imeniachia alama. Kumbe kuchomoa waya si kumaliza umeme. Ndani kuna kapasita kubwa inayohifadhi zaidi ya volti 300, na haina habari kama wewe umechomoa. Nilipopata nguvu niliuvuta mkanda kwa hasira. Ulitoka, mita moja hivi imekunjwakunjwa kama karatasi ya andazi.

Nilimwambia bibi usiku ule. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Mkono vipi?"

Fundi simu wa sokoni alicheka alipoliona deki. Akanielekeza kwa mzee mmoja mjini, karibu na Darajani, aliyekuwa fundi video miaka ya 1980 na 1990 na siku hizi anatengeneza feni. Nikapanda gari na deki mapajani, limefungwa kwa kanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani kakutia karatasi ya sigara humu?"

Nikasema ni mimi. Alinitazama, akatazama mkono wangu. "Fyuzi inakufa ili nyumba isiungue. Wewe umemfufua mlinzi maiti ukamkabidhi mlango."

Alikuwa mtu wa maneno hayo. Alinionyesha mstari uliochorwa kwenye bodi ya umeme. Upande mmoja wa mstari, alisema, ni umeme ule ule wa kwenye nguzo. Mwengine ni wa ndani, mdogo. "Mpaka huu wewe huvuki. Kazi hii ni yangu." Alipima kapasita kwa mita kabla ya kugusa, ingawa deki halikuwa limechomekwa tangu juzi. Alipolazimika kupima likiwa na umeme, mkono wake wa kushoto aliutia mfukoni, ili umeme ukimshika usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Alibadilisha kapasita tatu zilizovimba, na fyuzi akaweka ya kiwango kile kile kilichoandikwa kwenye bodi, si kubwa zaidi.

Vipuri alivitoa kwenye maiti. Nyuma ya duka lake kuna rundo la madeki. JVC ya Japani ilileta mtindo wa VHS mwaka 1976, na kampuni ya mwisho inayojulikana kuunda madeki hayo, Funai, ya huko huko Japani, iliacha Julai 2016. Tangu hapo deki moja hupona kwa kuchinjwa jengine. Alipata mpira wa saizi yetu kwenye deki la nne.

Kusafisha aliniachia mimi. "Vua bangili. Kaza mtandio, usije ukaliwa wewe badala ya kanda." Kwanza nilifuta mafuta yangu yote ya cherehani, mpira na mafuta havipatani hata siku moja. Halafu hedi. Hizi ni vidude vilivyobandikwa pembeni mwa dramu, vidogo kuliko punje ya mchele, vyepesi kuvunjika kama kioo. Dramu huzunguka mara 25 kwa sekunde, na hedi ndizo zinazosoma picha. Nilikuwa na pamba tayari mkononi, aliinyang'anya. Pamba huacha nyuzi, na uzi mmoja ukinasa kwenye hedi unaing'oa. Alinipa kipande cha ngozi laini kilicholowa spiriti ile wanayotumia mafundi simu. Unaishikilia ngozi imetulia, unazungusha dramu kwa kidole juu yake. Usisugue juu na chini. Nilizungusha, ngozi ikatoka na weusi. Nikabadilisha upande, nikazungusha tena. Alasiri nzima ilikwenda hivyo na sikuchoka, jambo ambalo riwaya yangu haijawahi kunifanyia.

Kuhusu kanda alisema mambo mawili. Usiikate. Na usiitie tena mpaka deki limemeza na kutapika kanda nyengine tatu zisizo na thamani.

Nyumbani niliiweka kwenye baraza, nikatia filamu ya Kihindi ya jirani, kifuniko kikiwa wazi ili nione mpira unavyofanya kazi. Deki likakataa. Linavuta, linasimama, linatema. Nilikaribia kulia. Nikampigia fundi.

"Uko wapi?"

"Barazani."

"Juani?" Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe deki hujua kanda imekwisha kwa mwanga: ncha za mkanda ni angavu, taa iliyo katikati inapenya, na kijicho cha pembeni kinaona. Jua la saa sita la Mkokotoni lilikuwa linapenya kila upande, na deki likiamini kila kanda imekwisha kabla haijaanza. Niliingiza ndani, likacheza. Likacheza filamu nzima, na ya pili, na ya tatu.

Kanda ya bibi ilikuwa na ukungu mweupe pembeni, kama unga, kwa unyevu wa miaka. Ukungu huo ukiingia kwenye deki unahamia kwenye hedi na kwenye kila kanda itakayofuata, na si wa kuvuta puani. Nilijifunga kitambaa, nikafungulia nje, kivulini. Kasha lina skrubu tano. Chini yake katikati pana tundu. Ukilibonyeza kwa kalamu gurudumu zinaachia na unaweza kuzungusha kwa mkono. Nilizungusha mkanda kidogo kidogo huku nikiufuta kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, siku mbili. Nilipofika pale penye mikunjo niliulaza juu ya meza, nikaunyoosha kwa kidole kilichovishwa kitambaa. Sikupiga pasi, ingawa shangazi alishauri.

Pale mezani nilipima kwa futikamba ya cherehani. Mita moja kamili. Fundi alikuwa ameniambia mkanda hutembea sentimita mbili na nukta tatu kwa sekunde, na zaidi kidogo. Nikagawa: sekunde 43. Mtu anaweza kusema mengi kwa sekunde 43.

Tuliitazama Ijumaa baada ya Isha, kwenye TV ya kichogo tuliyoazima. Ami alikuja. Nilikuwa nimeegesha simu ili irekodi kioo, maana fundi alisema kanda ya umri ule usiitegemee mara ya pili. Bibi alikaa karibu sana, macho yake yana mtoto wa jicho, nadhani zaidi alikuja kusikiliza.

Zulia jekundu. Kilemba. Mzee, ambaye siku ile hakuwa mzee, alisalimia majirani kwa majina, na nusu yao tumeshawazika. Alionyesha friji. Aliwasukuma watoto mbele ya kamera mmoja mmoja, wakaona haya. Halafu akajisogeza, uso wake ukajaa kioo, akasema, "Sasa wewe dada yangu..."

Nikajua tumefika.

Mistari ikapanda. Picha ikavunjika, ikarudi, ikavunjika. Sauti ya kanda hizi imelazwa kwenye ukingo wa juu wa mkanda, kipande chembamba, na ukingo ndio uliokunjika zaidi. Hapakuwa na maneno, ila mngurumo kama mtu anazungumza ndani ya mtungi. Kati ya chenga mdomo wake ulikuwa unakwenda. Niliuona ukifunguka, ukifunga. Aliinua kidole. Halafu picha ikatulia, na sauti ikarudi safi kabisa: "...na usinisahau kwa dua."

Bibi midomo yake ilikuwa inakwenda pia. Alikuwa anasema pamoja naye, pole pole, neno kwa neno, na ilipotokea "dua" walifika pamoja.

"Mmesikia?" akauliza.

Ami alinyamaza. "Mimi sikusikia kitu, mama. Kanda imeharibika."

Moyo ulinidunda. Nikafungua mdomo niseme imeharibika kwa mkono wa nani. Bibi aliniwahi.

"Kanda ya zamani," alisema. "Miaka mingi imekaa."

Tulikaa. Watu wa Maskati waliendelea kupunga mikono kwenye kioo. Ami alivua kofia, akaivaa tena, akasogeza kiti chake mbele mpaka magoti yakagusa meza ya TV.

"Rejesha," aliniambia. "Pale pa kidole. Rejesha nimuone mdomo."