Sanaa ni Darasa la Nyumbani

Wengi wetu tukimkuta mtoto anachora chini kwa kijiti, au anafinyanga ng'ombe wa udongo, tunamwambia: "Acha mchezo, shika daftari." Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo huo.

Mimi ni bwana shamba, si mwalimu wa shule. Lakini kazi yangu hunifikisha katika nyua za watu wengi, hapa Matiri na katika vijiji vingine vya wilaya ya Mbinga. Huko nimeona kwamba kusuka, kufinyanga na kuchora ni masomo. Tena ni masomo ambayo mzazi anaweza kuyafundisha, hata kama yeye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani.

Mwaka shule zilipofungwa

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kuzifunga shule. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni. Watoto wa shule za msingi walirudi tarehe 29 Juni. Kwa hiyo watoto wetu walikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu.

Masomo yalitangazwa katika redio na televisheni. Lakini nyumba nyingi za vijijini hazina televisheni, na redio hunyamaza betri zikiisha. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa ameanza kuzijua herufi alianza kuzisahau.

Katika miezi ile nilimkuta mzee mmoja anasuka kikapu. Wajukuu wake watatu walikuwa wamekaa pembeni bila kazi. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kwa nini watoto hawasomi. Akanijibu:

"Bwana shamba, mimi kalamu nimeishika nikiwa na mvi. Huyu mkubwa yuko darasa la nne. Nitamfundisha nini?"

Nikamwuliza, "Mzee, vijiti vya kusimama vya kikapu hicho ni vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kwa nini si ishirini?"

Mzee akacheka. "Vikiwa ishirini ufito haupishani. Utapita mle mle ulimopita mwanzo, na kikapu hakitashika."

Mjukuu wa darasa la nne alikuwa anasikiliza. Shuleni alikuwa amefundishwa namba shufwa na namba witiri, na alikuwa amezikariri. Siku ile aliona kwa macho witiri ina kazi gani. Alichukua vijiti vyake akajaribu kwa 8, kisha kwa 9. Vya 8 vilikataa. Vya 9 vilikubali. Na aliyemfundisha ni babu yake, aliyesema hana la kufundisha.

Ndugu msomaji, korona ya mwaka ule ilipita, lakini watoto bado hukaa nyumbani. Kuna likizo ya Juni, wakati wa kuchuma kahawa. Kuna likizo ya Desemba. Mtoto anayemaliza shule ya msingi hufanya mtihani Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Wako pia watoto wagonjwa, na watoto wenye ulemavu wasioweza kutembea mbali kila siku. Hao wote wanahitaji darasa la nyumbani. Zifuatazo ni kazi nne ambazo hazihitaji fedha.

Kazi ya kwanza: Kusuka

Mpe mtoto vijiti vyembamba na nyuzi za maganda ya mgomba. Ahesabu vijiti kabla ya kuanza. Viwe 7, au 9, au 11. Asuke kwa kupita mbele ya kimoja na nyuma ya kingine, mpaka azunguke. Akimaliza, apime urefu wa kikapu na upana wake kwa rula au kwa uzi. Aandike namba hizo katika daftari.

Wavulana na wasichana wote wafanye kazi hii. Kusuka hakuna mke wala mume.

Kazi ya pili: Herufi za udongo

Chukua udongo wa mfinyanzi. Utoe mawe na mizizi, uukande mpaka ulainike. Mtoto aviringishe vijiti vya udongo kama mikia ya panya. Kwa vijiti hivyo aunde herufi: a, e, i, o, u. Kisha aunde jina lake. Herufi zikauke kivulini, maana jua kali hupasua udongo.

Mtoto aliyeunda herufi kwa vidole vyake haisahau upesi. Mama, nawe kaa naye. Kama bado unachanganya b na d, ziunde zote mbili pamoja na mwanao. Hakuna aibu. Mtoto hufurahi sana akimwona mzazi wake anajifunza.

Ufinyanzi ni elimu ya zamani katika ziwa letu. Wanawake wa Kikisi, wanaokaa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wanajulikana sana kwa vyungu vyao. Huvifinyanga kwa mikono, na vyungu hivyo vimesafirishwa kwa mitumbwi kuuzwa katika vijiji vya pwani. Mfinyanzi wa namna hiyo anajua udongo upi unapasuka na moto upi unatosha. Binti hujifunza hayo kwa kukaa karibu na mama yake na kutazama.

Kazi ya tatu: Rangi za nyumbani

Rangi za dukani ni ghali. Hizi hapa zinapatikana nyumbani:

Nyeusi: saga makaa ya kuni yawe unga laini.
Nyekundu: chekecha udongo mwekundu mkavu.
Nyeupe: tumia udongo mweupe uliochekechwa.
Manjano: tumia bizari ya manjano ya jikoni.
Kijani: ponda majani ya maboga, ukamue maji yake. Rangi hii hupauka juani.

Ili rangi ishike, ichanganye na uji mwembamba wa unga wa muhogo. Kijiko kimoja cha unga kinatosha. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli, ambako muhogo ni chakula cha kila siku, hawatakosa unga huo. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, au unyoya wa kuku. Karatasi ni katoni ya dukani iliyokatwa.

Mtoto achore anachokijua: mbuni wenye matunda, kuku na vifaranga, mtumbwi ziwani. Chini ya picha aandike sentensi mbili. Aliye darasa la kwanza aandike neno moja.

Tahadhari ya sumu

Hapa naomba usome polepole, au umsomee jirani.

Dawa nyingi tunazopulizia kahawa kwa ajili ya Chulebuni na kutu ya majani zina madini ya shaba. Baadhi yake ni za buluu, baadhi ni za kijani, baadhi ni nyekundu ya kahawia. Kwa macho ya mtoto hiyo ni rangi nzuri kuliko zote nilizotaja. Katika nyumba moja nilimkuta mtoto amechota unga wa dawa ya kahawa, ameukoroga kwa maji, anapaka ukutani kwa kidole. Tulimnawisha kwa maji mengi na sabuni, tukamvua nguo. Ni bahati kwamba alikuwa hajalamba kidole.

Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Dawa ya shamba ikae mahali pa juu, ndani ya sanduku lenye kufuli.
2. Kopo au chupa ya dawa isiwe chombo cha rangi, wala cha maji, wala cha chumvi. Isuuze mara tatu, maji hayo uyatie ndani ya bomba la kupulizia, kisha uitoboe chupa ili isitumike tena.
3. Mtoto asipasue betri za redio ili apate rangi nyeusi. Ndani ya betri mna kemikali zenye madhara. Makaa ya kuni yanatosha.
4. Mtoto akimeza dawa, mpeleke zahanati mara moja. Chukua na karatasi ya maelezo ya dawa hiyo, ili mganga ajue ni dawa gani.

Onyesha watoto rangi zinazoruhusiwa. Ukiwakataza tu bila kuwapa nyingine, watatafuta wenyewe.

Kazi ya nne: Kilima cha ngoro

Kazi hii naipenda kuliko zote, maana inaingia katika kazi yangu.

Wazee wa Umatengo wamelima ngoro kwa zaidi ya miaka 100. Unajua jinsi zinavyofanywa. Nyasi hukatwa na kulazwa mistari inayokatana, mpaka kilima kizima kiwe na miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi. Pale katikati panabaki shimo. Nyasi huoza zikawa mbolea. Maharage hupandwa juu ya kingo, na baadaye mahindi. Maji ya mvua huingia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Wataalamu kutoka vyuo vikuu vya ndani na vya nje wamekuja Mbinga kujifunza ngoro. Watoto wetu nao wajifunze.

Mtoto aunde vilima viwili vya udongo juu ya ubao au ungo mbovu. Vilima viwe na kimo kimoja. Katika kilima cha kwanza achore matuta yanayoteremka moja kwa moja toka juu hadi chini. Katika kilima cha pili alaze majani makavu kwa miraba, ayafunike kwa udongo, aache vishimo. Kisha chukua kopo safi la chakula lenye matundu madogo chini. Mwagia kila kilima kikombe kimoja cha maji, polepole.

Sasa mwulize mtoto maswali matatu. Maji ya kilima kipi yametoka na tope jingi? Maji ya kilima cha pili yamesimama wapi? Kama kuna mistari 4 ya vishimo, na kila mstari una vishimo 5, jumla ni vingapi?

Katika kazi hiyo moja kuna ufinyanzi, kuna hesabu, kuna sayansi na kuna kilimo. Mtoto aliyeona tope likiteremka kwa macho yake hatalima matuta ya kuteremka mlimani atakapokuwa mtu mzima. Mimi huwaambia wakulima jambo hilo kila mwaka, na wako wasiolisikia. Mtoto huliona kwa kikombe kimoja cha maji.

Je, sanaa huleta riziki?

Mzazi anaweza kuuliza: "Mtoto atakula picha?" Ni swali la haki. Nitakujibu kwa habari ya mtu wa mkoa wetu.

Eduardo Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, hapa hapa Ruvuma. Hakusoma shule kwa miaka mingi. Alitoka nyumbani kutafuta kazi, akafanya vibarua Tanga katika mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege. Hakuwa na vifaa vya ghali. Alichora juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kupaka baiskeli. Picha zake zilinunuliwa. Akawafundisha ndugu na jamaa zake. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo uchoraji huo unajulikana duniani kwa jina lake, Tingatinga.

Sisemi kila mtoto atakuwa Tingatinga. Wengi watakuwa wakulima, walimu, mafundi au wauguzi. Lakini fundi anahitaji jicho la kupima, na muuguzi anahitaji mkono uliotulia. Mkulima naye anahitaji kuutazama mmea na kuona jani lililobadilika rangi kabla ugonjwa haujaenea. Macho na mikono hiyo hufunzwa utotoni.

Namna ya kuanza

Tenga saa moja kwa siku, baada ya kazi za asubuhi. Usimtwike mtoto kazi za shamba kutwa nzima halafu umtake asome usiku akiwa amechoka. Kama una watoto wa rika mbalimbali, mkubwa amsaidie mdogo. Kama una mtoto mlemavu, mpe kazi anayoiweza, akae katikati ya wenzake, asiachwe ndani.

Usicheke kazi ya mtoto. Ng'ombe wake akifanana na mbwa, mwulize: "Pembe ziko wapi?" Ataziweka mwenyewe. Picha iliyokamilika itundike ukutani, wageni waione. Shule ikifunguliwa, mtoto ampelekee mwalimu wake kazi moja aliyoifanya nyumbani. Mtaala wa shule za msingi ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo kazi hiyo haitakuwa ngeni darasani.

Ndugu msomaji, jioni ya leo tazama uani kwako. Udongo upo, makaa yapo, vijiti vipo. Yupo pia babu au bibi anayejua kusuka au kufinyanga, na labda hajaulizwa siku nyingi. Mwite, umketishe karibu na watoto, na uwape vijiti 9.