Chunusi za Vijana Wetu

Wazazi wenzangu na waalimu wa shule zetu, mwezi huu nataka kuwaandikia habari ya jambo ambalo sisi watu wazima huliona dogo, na vijana huliona kubwa kuliko mtihani wa mwisho wa mwaka, nalo ni chunusi za usoni. Huku kwetu pwani neno hili lina maana mbili. Maana moja ni vipele vya ujana, na ya pili ni yule jini wa majini ambaye husemwa kwamba huwavuta waogaji mpaka kilindini. Nami nimeona vipele hivyo vikimzamisha mtu pale pale nchi kavu.

Nina watoto wanne, na wawili kati yao wamo katika umri huo. Mwaka 2023 binti yangu, akiwa na miaka 14, alianza kutokwa na chunusi mashavuni na kidevuni. Yeye ni mwimbaji, na alizoea kusimama safu ya mbele. Basi akahamia nyuma ya wenzake warefu, na mtandio wake ukawa unashuka kila juma mpaka ukakaribia macho. Bibi yake, kwa utani wa bibi na mjukuu, akasema mbele ya wageni, "Huyu sasa ataka mume, uso umekwisha kutangaza." Wageni wakacheka, na mtoto akacheka nao, lakini usiku mama yake alimsikia akilia.

Tena yuko mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliyeniambia barazani ya kwamba chunusi huwatoka vijana wenye mawazo machafu, na kwamba yafaa nimhimize mtoto kusali zaidi. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi ndiye ninayewafundisha vijana hawa kusali, nami nawajua watulivu waliojaa vipele, na watukutu wenye nyuso laini kama yai." Akanyamaza, na kahawa ikaendelea kunywewa.

Basi nieleze kwanza chunusi ni nini, maana asiyejua chanzo cha ugonjwa huchapa dawa upande usio wake. Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana ambamo nywele huota, na kando ya kila kitundu kimo kifuko kidogo kitoacho mafuta ya kuilainisha ngozi. Kijana akifikia balehe, mwili wake hutoa homoni kwa wingi, yaani vile vichocheo vinavyochukuliwa na damu, navyo huvikuza vifuko hivyo hata vikatoa mafuta kupita kiasi. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu huzibika. Ndani yake huishi vijidudu ambavyo vimo katika ngozi ya kila mtu, mchafu na msafi. Vikipata mafuta mengi husitawi, na mwili ukishindana navyo, ndipo mahali pale huvimba, huuma na kutunga usaha. Na kile kidoa cheusi kilicho juu ya vipele vingine si taka. Ni rangi ya ngozi yenyewe pamoja na mafuta yaliyopigwa na hewa, ndiyo sababu hata ukisugua namna gani hakiondoki. Waganga wa ngozi hukadiria kwamba katika kila vijana 10, wapatao 8 au 9 hupatwa na chunusi, wengine chache na wengine nyingi, na aliye na wazazi waliokuwa nazo yu karibu zaidi kuzipata.

Kwa hiyo uchafu si chanzo chake. Walakini watu wengi hudhani hivyo, na kwa kudhani hivyo huziongeza. Binti yangu alichukua dodoki la kuogea na sabuni ya kipande tunayofulia nguo, akawa anasugua uso mara nne na mara tano kwa siku. Sabuni ya kufulia ni kali, nayo huondoa ile asidi kidogo ambayo ni ngao ya ngozi. Dodoki nalo hukwaruza vipele, vikapasuka ndani kwa ndani. Kisha rafiki yake akamfundisha kupaka ndimu. Hapa Muheza michungwa na mindimu iko kila kiambo, na ndimu ni dawa ya mambo mengi jikoni, lakini usoni haifai. Maji yake ni makali mno, na mtu akijipaka kisha akatoka juani aweza kuungua na kubaki na mabaka meusi. Dawa ya meno nayo ni hivyo hivyo: hukausha kipele na kuichoma ngozi iliyo kando yake.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku moja mama yao alipokuwa akifagia chumba cha mabinti aliona kikopo kidogo chini ya godoro, hakina jina wala maandishi, na ndani yake mna mafuta mazito yenye harufu kali. Akanionyesha. Nikamwita binti yangu nje, chini ya mwembe, mbali na ndugu zake.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Hiki umekipata wapi?"

Akainama. Baadaye akaniambia kwamba alikinunua sokoni kwa fedha ya nauli, naye alikuwa akienda shule kwa miguu majuma mawili. Muuzaji alimwambia kwamba chunusi zitakwisha kwa siku 3 na uso utakuwa mweupe. Akasema, "Baba, zilikwisha kweli. Lakini nilipoacha siku mbili, zikarudi nyingi kuliko mwanzo."

Wapenzi wasomaji, huo ndio mkorogo, na maneno ya yule mtoto yanaeleza hila yake yote. Mikorogo mingi huwa imetiwa dawa kali ya hospitali iitwayo steroidi. Dawa hiyo hutuliza uvimbe upesi, ndiyo maana siku za kwanza mtu hushangilia. Lakini ikitumika kwa muda huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na yenyewe huzaa chunusi za namna yake, na mtu akiacha, uso hulipuka. Mingine ina zebaki, ambayo huingia mwilini kwa njia ya ngozi na kudhuru mafigo. Mingine ina haidrokwinoni, dawa ya kuondoa rangi. Mwaka 1975 waganga wa Afrika Kusini walieleza habari za wanawake waliotumia dawa hiyo ili wawe weupe, na mwisho wake nyuso zao zikashikwa na madoa meusi ya samawati yasiyotoka. Na mwaka 1990 nchi ile ikaipiga marufuku katika vipodozi. Mtu alitaka weupe akapata weusi usio wake.

Sikumpiga mtoto, wala sikumtukana. Kesho yake nikampeleka hospitali pamoja na kile kikopo, kwa maana si vema kuiacha steroidi ghafula pasipo mganga kuutazama uso. Tukamkuta mganga wa ngozi. Wengi wa waganga hawa wamefundishwa Moshi, katika chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho hupokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Mganga yule akaongea na binti yangu mwenyewe, si na mimi, jambo lililonipendeza, akamwambia: "Uso wako utapona, lakini si kwa siku 3. Hesabu majuma 8, pengine 12. Atakayekuahidi upesi kuliko hapo, mkimbie."

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tulishika mambo haya. Uso hunawiwa mara mbili tu, asubuhi na jioni, na mara nyingine mtu akiwa ametoka jasho shambani au mpirani. Kwa maji ya vuguvugu, kwa sabuni laini isiyo na manukato mengi, na kwa vidole, si kwa dodoki. Kisha hupanguswa polepole kwa kitambaa safi, kila mtu na chake. Foronya na mitandio hufuliwa kila juma. Mikono haigusi uso, na kipele hakibinywi. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kupita yote, maana kioo na vidole ni marafiki wa zamani. Lakini katika ngozi yetu nyeusi kila kipele kilichobinywa huacha alama nyeusi, na alama hiyo hukaa miezi mingi baada ya kipele chenyewe kusahauliwa. Jua huzidisha weusi wa alama hizo, basi kofia ya ukindu si ya wazee peke yao.

Mwanangu mvulana, mwenye miaka 17, yeye chunusi zake zilikuwa za paji la uso tu, zimejipanga chini ya nywele kama mpaka wa shamba. Nikamwuliza anapaka nini kichwani, akanionyesha mafuta ya mgando yenye kung'aa. Habari hii ilikwisha elezwa na waganga wa Marekani mwaka 1970, walipoona chunusi za namna hiyo kwa watu weusi wanaopaka mafuta ya nywele kila siku. Mafuta huteremka kwa joto yakaziba vitundu. Akaacha kuyapaka karibu na uso, na baada ya miezi miwili mpaka ule ukaanza kufutika. Mafuta yetu ya nazi, ambayo nayasifu kwa wali na kwa miguu iliyopauka, nayo huziba vitundu vya uso wa mwenye chunusi.

Sasa dawa za nyumbani, ambazo najua wengi mnazingojea. Maji mazito ya mshubiri hutuliza ngozi iliyowaka, tena hayana gharama. Lakini jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio, maana wako wanaowashwa nayo. Asali ni njema kwa vidonda, lakini kwa chunusi ilipimwa huko New Zealand kwa watu 136, habari zikatolewa mwaka 2016, na haikuonekana kwamba iliwafaa kupita sabuni ya kuua vijidudu peke yake. Basi asali na iliwe. Mafuta yaliyofanyiwa kazi vizuri ni yale ya mti wa Australia uitwao melaleuka: mwaka 1990 waganga wa huko waliyachanganya kwa kadiri ya 5 katika 100, wakayapima kwa wagonjwa 124, nayo yakapunguza chunusi, ila kwa kukawia kuliko dawa ya duka. Yasipochanganywa huunguza. Mwarobaini wetu watu huusifu kwa maradhi arobaini, nami siwazuii kuoga majani yake. Lakini mtoto asinyweshwe dawa yake kwa ajili ya vipele.

Katika chakula kuna jambo la kutazamwa. Mwaka 2002 zilitolewa habari za kisiwa cha Kitava, katika nchi ya Papua New Guinea, ambako mganga aliwatazama watu 1,200, na 300 kati yao walikuwa wa miaka 15 mpaka 25, asione hata mmoja mwenye chunusi. Na chakula chao ni nini? Viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi! Msomaji wa pwani atacheka, maana hicho ndicho chakula ambacho vijana wetu hukiona cha kimaskini, wakitamani soda na keki. Yawezekana damu ya watu wale nayo ina sehemu yake. Lakini mwaka 2007 waganga wa Melbourne waliwagawa vijana wa kiume 43 mafungu mawili, fungu moja wakapunguziwa vyakula vyenye kugeuka sukari upesi, na baada ya majuma 12 chunusi zao zilipungua kuliko za wenzao. Nyumbani kwetu tuliacha kununua soda, na chai ikapungukiwa sukari; mandazi yamebaki ya Jumapili, kwa kuwa mama yao alikataa katakata kuyafuta.

Waalimu nawaomba jambo moja. Shuleni kwa binti yangu palikuwa na jina la utani kwa kila mwenye chunusi, na jina hilo lilipita mbele ya masikio ya watu wazima bila kukatazwa. Mtoto anayeitwa hivyo asubuhi na adhuhuri, jioni atanunua kikopo chochote atakachoonyeshwa.

Chunusi zikiwa kubwa, zenye kuuma kama majipu, au zikiacha mashimo, au kijana akijitenga na watu, msingoje majuma 8. Nendeni hospitali mapema, maana makovu ya mashimo hayafutiki kwa urahisi. Ziko dawa za kumeza zenye nguvu, na moja yake hudhuru vibaya mtoto aliye tumboni, basi msichana asipewe na mtu asiye mganga. Dawa ya kupaka aliyopewa binti yangu hatimaye ni peroksidi ya benzoili, iliyo hafifu, kadiri ya 2.5 katika 100, kidogo tu kila usiku kwa uso mzima, wala si juu ya kipele kimoja kimoja. Juma la kwanza ngozi hukauka na kuchoma kidogo. Akizidiwa, hupaka usiku mmoja na kupumzika wa pili. Mjue pia kwamba dawa hii huondoa rangi ya nguo. Foronya ya bluu ya mama yao, aliyoidarizi mwenyewe, sasa ina mabaka meupe, na kwa hiyo binti amepewa foronya nyeupe na taulo nyeupe, visivyochanganywa na vya wengine.