Safari ya Mambrui kwa Gari la Kadiri



Wasomaji wetu watukufu, mwezi uliopita tulikwenda Mambrui, mji mdogo wa kale ulio kaskazini mwa Malindi, kumzuru mama yetu mkubwa. Tulikuwa watu wanne: mama yetu mzazi, mama wa watoto wetu, binti yetu wa mwisho, na sisi tulioshika usukani. Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na Mambrui haiko mbali na hapo. Lakini ilituchukua miaka miwili kuianza, na sababu ilikuwa gari.

Kwa muda wa miaka 12 tulimiliki gari kubwa lenye safu tatu za viti. Tulilinunua wakati watoto saba wakiwa nyumbani, na hatulisemi vibaya. Lilitupeleka shule, hospitalini, mazikoni na arusini. Kisha mabinti wakaolewa, vijana wakatoka kutafuta riziki Nairobi na Doha, na viti vya nyuma vikabaki kupakia vumbi. Sisi twakaa Mji wa Kale, ambako vichochoro vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, kwa hiyo gari likilala mbali nasi. Kulijaza mafuta ilikuwa shughuli ya kufanyiwa mashauri. Tukawa twalitazama kama mtu amtazamavyo mgeni mlaji: heshima anapewa, lakini kila siku anaulizwa kimoyomoyo ataondoka lini.

Kila mama alipotutajia dada yake, tulijibu, "Inshaallah, mama." Neno hilo tukufu, ambalo twawafundisha watoto chuoni walitamke kwa nia ya kutenda, sisi tulikuwa tukilitumia kufunga mazungumzo. Idi mbili zikapita. Siku moja mama alisema, tena bila hasira, "Mwanangu, mimi na dada yangu hatuna siku nyingi. Ikiwa gari hili lina tumbo kubwa hivi, si mtafute lenye tumbo dogo?"

Hatukuwa na la kujibu. Hesabu ilikuwa wazi tangu zamani. Tulichelewa kwa kuwa tulichelea midomo ya barazani: sheikh ameuza gari, sheikh amefilisika. Mara ngapi tumesimama kwenye mimbari tukakemea kibri na israfu! Kumbe kibri chetu wenyewe kilikuwa kimeegeshwa chini ya mwarobaini, na kila mwaka twakilipia bima.

Tulipokata shauri la kuuza, mama wa watoto wetu alitoa sharti moja: dogo lisiwe duni. "Kimo kikipungua tutavumilia," alisema. "Usalama ukipungua hatutavumilia." Akaandika karatasi, nasi tukaichukua hadi kwenye yadi za magari. Alitaka mifuko ya hewa kwa abiria pia, wala si kwa dereva peke yake; breki ambazo hazifungi magurudumu mtu akikanyaga kwa ghafla; mkanda mzima kwa kila kiti; kamera ya kurudi nyuma, kwa ajili ya watoto wachezao mitaani; na kiyoyozi chenye nguvu, kwa kuwa joto la Mombasa halimwonei haya mtu aliyevaa buibui.

Tuliyajua mambo mawili huko. Kwanza, sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari dogo lililoshuka bandarini karibuni mara nyingi huwa na vifaa vya usalama ambavyo gari kubwa kuukuu halina. Tulidhani twashuka daraja, kumbe kwa upande huo tulikuwa twapanda. Pili, udogo wa nje si lazima uwe dhiki ya ndani. Tulilolichagua ni Honda Fit. Tangi lake la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vyaweza kulazwa hadi karibu na sakafu, au sehemu ya kukalia ikainuliwa ikasimama, pakapatikana nafasi ya kuweka hata mche wa mnazi.

Lakini aliyekata kauli alikuwa mama. Tulimpeleka yadi makusudi, kwani magoti yake ndiyo yaliyokuwa yakiteseka. Katika lile kubwa tulikuwa tukibeba kigoda ili apate kupanda, na mara kwa mara buibui lake likinasa kwenye ngazi ya mlangoni. Katika hili alikaa kwanza, kisha akaingiza miguu, kama mtu anayekaa kitandani. Akatutazama, akasema, "Hili lanijua."

Kwa faida ya wenye nia kama yetu, twaongeza machache. Gari likaguliwe na fundi wako, usiridhike na neno la fundi wa muuzaji. Magari mengi madogo ya siku hizi huja bila tairi ya akiba, badala yake yana pampu na dawa ya kuziba tundu. Sisi tulinunua tairi. Yale yanayosaidiwa na umeme hula mafuta kidogo zaidi, ila betri yake kubwa ikichoka gharama si ndogo, basi ipimwe kabla ya kulipa. Sisi tulilipa taslimu, bila riba, na baki ya bei ya lile kubwa ikamaliza deni lililokuwa likitunyima usingizi.

Tukaondoka baada ya swala ya alfajiri. Kila likiwashwa, gari husema maneno ya Kijapani kwa sauti ya kike yenye adabu. Fundi alitwambia ni ukumbusho wa kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Mama hakuyajali hayo, kila mara aliitikia, "Ahsante, mwanangu."

Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Bamburi na Mtwapa, tukaingia kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo jua likichomoza upande wa bahari. Twakiri kwamba mwanzoni tulijihisi tuko chini mno. Malori yalipotupita, gari lilitikisika, nasi tukajifunza kutopita mwingine mpaka njia iwe wazi kabisa. Matuta nayo yatakiwa kuendewa polepole. Subira tuliyokuwa tukiihubiri, barabara ya Kilifi ilitufunza kwa vitendo.

Kwenye daraja la Kilifi mama aliomba tuende taratibu. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake watu walivuka kwa feri, na yeye alivuka hivyo akiwa mwari, akipelekwa Mombasa kuolewa, dada yake akilia upande wa pili. Kisa hicho hatukupata kukisikia kamwe. Pengine ndani ya lile kubwa, yeye akiwa nyuma nasi mbele, sauti yake haikuwa ikitufikia.

Baada ya hapo ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha Gede, kisha Malindi. Tulipolivuka daraja la Sabaki tuliyaona maji ya mto, mekundu kwa udongo wa bara, yakielekea baharini. Mambrui ikawa mbele yetu.

Tulipoacha lami tukakutana na mchanga, na gari likakwama. Hapo tukiri haki: lile kubwa lingepita. Vijana wa chuo waliokuwa karibu walivua viatu, wakasukuma, na mama ndani akicheka mpaka machozi. Tuliliacha gari chini ya mti, tukaenda kwa miguu hatua mia mbili zilizobaki.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye jamvi. Tulipokwisha kumwamkia na kumbusu mkono, alichungulia nje, akauliza, "Gari lenu kubwa li wapi?"

"Tumeliuza," mama akamjibu. "Ndipo tukafika."

Wakashikana mikono, na kwa muda hakuna aliyesema. Kisha wakaanza kuzungumza, wasinyamaze hadi adhuhuri. Jioni tulimchukua binti yetu kuliona kaburi la nguzo, lililopambwa kwa vyombo vya Kichina, apate kujua watu wa pwani hii walivyofanya biashara na dunia. Tuliporudi tuliwakuta madada wawili palepale, wakibishana juu ya jina la mbuzi wa utotoni.

Kesho yake, tulipofika Malindi, mama wa watoto wetu alinyosha mkono akaomba ufunguo. Leseni anayo miaka mingi, lakini lile kubwa hakulithubutu. Aliendesha hadi Mombasa, na hakukosea tuta hata moja. Tangu siku hiyo yeye ndiye ampelekaye mama kliniki.

Kwa hesabu yetu, kwenda na kurudi kulitumia lita 17 za petroli. Lile kubwa lilikuwa likitaka zaidi ya maradufu. Hatusemi kila mtu auze gari lake. Mwenye nyumba ya watu tisa, au akaaye penye mchanga na tope, kubwa ni haja yake, wala si israfu. Lakini mwenye gari ambalo limekuwa likimzuia kuwafikia jamaa zake, na ajiulize kama yeye ndiye alimilikiye au ni lenyewe limmilikilo.

Mama mkubwa tumemwahidi kurudi Mfungo Sita kwa Maulidi, inshaallah. Safari hii neno hilo tumelitamka na tangi limejaa.

Wabillahi tawfiq.