Kutoka Kiwanjani Hata Mombasa kwa Baiskeli

Watu wengi wa bara wameiona Mombasa, lakini wengi wao waliifikia kwa basi au kwa gari la moshi. Abiria husinzia Mtito Andei, akazinduka Changamwe, kisha husema amefika pwani. Aendaye kwa baiskeli hapati nafasi ya kusinzia. Kila kilima hukihesabu kwa magoti yake, na kwa sababu hiyo afikapo mwisho wa njia huujua mji ule kwa namna nyingine.

Sisi tukaao Kiwanjani, mjini Isiolo, tuna uwanja wa ndege karibu na milango yetu. Basi huenda mtu akauliza, ya nini kujitaabisha kwa baiskeli zaidi ya kilomita 700? Jibu ni kwamba njia ile ni darasa. Kutoka Isiolo, penye kimo cha meta 1,100 hivi, msafiri hupanda kwanza mpaka kwenye baridi ya Timau na mashamba yake ya ngano. Huvuka mstari wa ikweta Nanyuki, hupita Nairobi, kisha huteremka siku baada ya siku. Mahindi hupungua, joto huongezeka, na mibuyu huanza kuonekana. Akiisha kupita Voi na Mackinnon Road atafika mahali paitwapo Samburu, naye mtu wa Isiolo hana budi kucheka, maana Samburu aijuayo yeye aliiacha mbali kaskazini.

Lakini yafaa tuseme pia juu ya hatari. Huko Japani iko njia iitwayo Shimanami Kaido, yenye urefu wa kilomita 70 hivi, ivukayo visiwa kwa madaraja makubwa kutoka Onomichi hata mji wa pwani wa Imabari. Wapanda baiskeli wametengewa nafasi yao madarajani, na mstari wa buluu umechorwa barabarani ili uwaongoze. Katika barabara yetu kuu ya Mombasa hakuna mstari kama huo. Malori yachukuayo shehena za bandarini ndiyo yenye njia. Mwenye akili husafiri mchana tu, huvaa nguo ing'aayo, na asikiapo ngurumo ya lori nyuma yake hukaa kando kabisa. Tena kati ya Mtito Andei na Voi ni nchi ya Tsavo, na ndovu hapishi njia kwa kengele ya baiskeli.

Mombasa yenyewe ni kisiwa, na msafiri atokaye bara huingia kwa njia ya Makupa. Akiisha kupata malazi, heri aiache baiskeli aende kwa miguu. Katika barabara ya Moi ataona zile pembe kubwa zilizopitana juu ya njia. Sisi tuliozoea ndovu wa kweli twatambua mara moja kuwa hizo ni kazi ya mafundi wa bati. Za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952, kwa ziara ya Binti Elizabeth wa Uingereza. Mbele kidogo ni Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hata wakaitwaa mwaka 1698. Baadaye Waingereza waliifanya gereza mpaka 1958, na leo ni makumbusho. Kando yake ni Mji wa Kale, wenye vichochoro vyembamba, milango ya nakshi, na baraza ambapo wazee huketi na kahawa yao. Asubuhi mgeni apate mahamri kwa mbaazi, naye atasahau uchovu.

Hata hivyo, jambo kubwa la kujifunza ni dogo kwa macho, nalo ni maji ya kunywa. Sehemu ya maji ya mji huo hutoka chemchemi za Mzima, katika nchi ile ile ya Tsavo aliyoipita msafiri kwa jasho, nayo huletwa kwa bomba. Na kule Kilindini, penye kilindi kirefu, meli hushusha shehena zitakazopanda vilima vile vile mpaka Nairobi, Isiolo na Uganda. Kisiwa hunywa maji ya bara, na bara huvaa nguo za bandarini. Abiria aliyesinzia hawezi kuliona jambo hilo. Aliyepiga pedali siku nyingi amelipita hatua kwa hatua.

Basi, ndugu wasomaji, ikiwa njia ile yatulisha sote, si haki iwe ya malori peke yake. Mkulima apelekaye maziwa sokoni na karani aendaye kazini kwa baiskeli hawaombi madaraja kama ya Japani. Ukanda mwembamba wa lami kando ya barabara, usioingiliwa na magari, ungewatosha wafike kwao salama jioni.