Kibokoni, Mtaa wa Mawe na Chokaa

Mgeni atokaye bara afikapo Mombasa, aghalabu huenda moja kwa moja kuitazama Ngome ya Yesu, akapigwa picha mbele ya mizinga, kisha akarudi zake akidhani kwamba amekwisha uona Mji wa Kale. Kumbe mji wenyewe uko nyuma ya Ngome, na mtaa wa Kibokoni ni miongoni mwa mitaa ya kwanza aliyoipa kisogo.

Habari za Ngome zajulikana na wengi. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kiitaliani. Waarabu wa Oman waliizingira toka 1696 hadi 1698. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza jela, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ngome, basi, ina wenyewe wa kuitunza.

Nyumba za Kibokoni hazina mizinga wala tikiti ya kuingilia, lakini kwa mtu apendaye kujua kazi za mafundi wa pwani, zina mafunzo mengi kuliko Ngome. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, zilizoshikamanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni, kisha kuyazimua kwa maji na kuyaacha yapoe mpaka yafae kwa kazi. Dari zilichukuliwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyokuwa bwana wa ramani: kwa kuwa boriti iliyonyoka ni nadra kupita urefu wa mita tatu hivi, chumba nacho hakikuweza kuwa kipana zaidi ya hapo. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, jambo ambalo humshangaza karani aliyezoea ofisi ya mraba. Roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia zilikuja baadaye, nyingi katika karne ya 19 ikielekea mwisho, wakati mkono wa mafundi wa Kihindi ulipochanganyika na ule wa Waswahili.

Hatari ya nyumba hizi aghalabu huanza na mtu mwenye nia njema. Ukuta wa chokaa hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa tena jua liwakapo. Mwenye nyumba aonapo lipu inabambuka, humwita fundi ampigie lipu ya saruji, naye hufurahi kuona ukuta mgumu, laini. Lakini saruji huyafungia maji ndani. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza polepole pasipo mtu kuviona, hata siku moja dari ikainama. Hapo ndipo yasemwapo kwamba nyumba imezeeka, heri ivunjwe.

Tena kuna jambo la urithi. Nyumba moja yaweza kuwa na warithi kumi au ishirini, wengine wako Mombasa, wengine Uarabuni au Ulaya. Kila mmoja ana fungu lake, wala hapana aliye tayari kumlipa fundi peke yake. Mwenye fedha ajapo kutaka kununua ili ajenge ghorofa ndefu za saruji, kugawana fedha huwa rahisi kuliko kugawana matengenezo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yalinda majengo ya kale, lakini sheria haichomi chokaa wala haileti boriti.

Marekani wamekwisha pita njia hii. Mji wa Charleston, katika jimbo la South Carolina, ulitunga sheria mwaka 1931 ya kulinda mtaa mzima wa kale badala ya jengo moja moja, na ulikuwa wa kwanza nchini humo kufanya hivyo. Nyumba zikapona, zikapendeza, na bei zake zikapanda. Na watu weusi wengi waliokuwa wakikaa katika mitaa hiyo kizazi baada ya kizazi wakahama, kwa kuwa hawakuyaweza tena maisha ya hapo. Wenye kuitakia heri Kibokoni hawana budi kulipima jambo hilo mapema. Msaada wa chokaa na mafundi kwa wenyeji walio ndani ya nyumba hizo ungefaa kuliko rangi mpya kwa ajili ya watalii.

Jioni, alasiri ikisha kusaliwa, viazi karai huanza kukaangwa na muuza kahawa hupita akigonga vikombe. Wazee huketi katika mabaraza ya mawe yaliyo mbele ya nyumba za zamani. Mbele ya ghorofa mpya hawaketi, kwani ukuta wake umeletwa mpaka ukingoni mwa njia, na baraza haikujengwa.