Diski Huchomwa kwa Ajili ya Deki Dhaifu

Kazi yangu hapa Panda, Likasi, ni kuchoma diski za harusi, ubatizo na matanga, na imenifundisha jambo moja: diski huchomewa deki iliyo dhaifu kuliko zote, si kompyuta iliyoichoma. Ikigoma kwa mteja, sisi wachomaji huwa wepesi kulaumu deki yake. Ushahidi unatuumbua. Diski ya kiwandani yenye tabaka moja hurudisha angalau asilimia 45 ya mwanga wa leza, na DVD-R iliyochomwa vizuri huifikia. DVD-RW, ile ya kufuta na kuandika upya, hurudisha kati ya asilimia 18 na 30 tu. Hicho ndicho kiwango cha diski ya kiwandani yenye tabaka mbili. Deki ya zamani ikakisia vibaya, ikazunguka, ikakoroma, mwishowe ikaandika kwamba hakuna diski. Haikuharibika, ilipewa kitu isichokijua. Ndiyo maana natumia DVD-R, iliyotoka 1997, badala ya DVD+R iliyokuja 2002, na siitoi kabla ya kuifunga (finalize), kwa sababu diski isiyofungwa husomeka kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataliwa sebuleni.

Wapo wanaosema kosa ni la diski tupu za bei poa. Zipo mbovu, sikatai, lakini ugonjwa wake una dalili nyingine: picha huganda katikati au kwenye ukingo wa nje, baada ya deki kuikubali diski. Iliyokataliwa tangu mwanzo kwenye deki moja na kucheza kwenye nyingine, kwanza niulizeni mimi aina niliyochagua. Wengine husema mteja anunue deki mpya. Anunue ngapi? Nakala za harusi moja huenda kwa shangazi Kolwezi na kwa wakwe Lubumbashi, na deki zao sizijui. Na wanaosema flashi imemaliza habari hii wamehamisha tatizo tu: deki yenye tundu la flashi nayo huchagua faili za kusoma, na faili ya simu ya leo mara nyingi haimo. Tena flashi hufutwa ili nyimbo mpya zipate nafasi. DVD-R haiandikwi mara ya pili, na kwa picha za matanga, udhaifu huo ndio sifa yake.